Dereva Akiwemo

Lurambi, Jumapili, mvua ikinyesha

Mmbone mwanangu,

Mambo ya blanketi, chaja na dawa ya tumbo ameshakuambia baba yako, na anayajua kuliko mimi. Mimi nimeketi kukuandikia kwa sababu jana nilishindwa kusema. Wewe uliongea, mimi nikainuka mezani, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka mkamaliza kula. Leo umeenda Shieywe kumuaga senje yako, dada wa baba yako, mvua imekukuta huko, na jinsi ninavyoijua mvua yetu ya alasiri, haitakuachilia haraka. Basi nina nafasi. Usidhani nimepoa. Sijapoa hata kidogo. Ila hasira ikishikishwa kalamu inalazimika kwenda polepole.

Ulisema hivi, na nadhani nimeyashika maneno yako yote: "Mama, wewe ulisimama katikati ya barabara, halafu nini kilibadilika? Kilichobadilika ni jina langu tu."

Baba yako aliacha kutafuna. Mimi nikaondoka.

Kesho unaenda Nairobi kuanza kazi katika ofisi inayopanga leni za mabasi na za magari ya kubebana, kazi ileile iliyonitoa mimi jasho na machozi hapa kwetu. Na mkubwa wa ofisi hiyo ni mtu ninayemjua. Sitamtaja jina. Hapa tulimwita Mkurugenzi, na acha abaki hivyo. Yeye ndiye atakayekupa mkono ukifika. Siku uliponionyesha barua yako ya ajira nikaona ni yeye aliyetia sahihi, nilikuambia "hongera" na nikajifanya naenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Wewe unajua kipande kimoja cha habari hii, kile ulichokiona ukiwa ndani ya basi na sare yako ya shule. Hivyo vingine sikukupa. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikazoea kunyamaza, na mtu akizoea kunyamaza huanza kudhani kwamba ameshasema.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ndogo, ya washauri wa barabara, imetoka mbali na imeshafungwa. Mkurugenzi ndiye aliyeiongoza. Wahandisi walichora, mimi nikaongea. Kazi yangu ilikuwa kwenda kwa watu, kuwaeleza mradi, kusikia wanachosema, na kurudi ofisini na ridhaa yao. Walinichagua kwa sababu nilikuwa wa hapa, najua kusalimia wazee kwa Kiisukha na najua kunyamaza Mwislamu wa Mumias akiomba dua kabla ya mkutano. Nilijiona nimepata kazi niliyozaliwa nayo.

Na wazo lenyewe lilikuwa zuri, Mmbone. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kama ningekuwa nimepigania upuuzi, ningeshasahau. Wewe unakumbuka asubuhi zetu: malori ya miwa, boda boda zikipenya kama mchwa, na yale magari ya binafsi, kila moja na mtu mmoja ndani yake akisikiliza redio. Basi zima la wauguzi, wanafunzi na mafundi lilisubiri nyuma ya mtu mmoja na redio yake, na hakuna aliyeona ajabu. Sisi tukasema: tutenge leni moja kutoka Lurambi hadi katikati ya mji. Ipitishe mabasi na matatu, na ipitishe gari lolote lililobeba watu watatu au zaidi. Mwenye gari asiyetaka msongamano abebe jirani zake. Basi. Hata mtoto angeelewa.

Tatizo lilikuwa kwamba mahali pa kuipitisha leni ile palikuwa na watu. Wanawake walikuwa wakiuza pale pembeni kwa miaka, mboga, ndizi, mitumba, na kati yao Mama Hadija na toroli lake la miwa. Unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akikuita "mkwe wangu" na kukukatia kipande cha muwa ukitoka shule. Mzaliwa wa Mayoni, kwao walilima miwa mpaka mlangoni, na hakuna aliyejua kuchagua muwa mtamu kama yeye.

Tuliwaita kwenye mkutano, tukapiga hema, tukawapa soda. Nikatundika mchoro. Nikaongea vizuri, nisijidanganye, niliongea vizuri sana. Nilipomaliza Mama Hadija akasimama.

"Assalamu alaikum nyote," akasema. "Mimi nina swali moja. Hii leni inapita penye tunauzanga. Sisi tutaenda wapi?"

"Mtapewa vibanda kwenye vituo vya mabasi," nikajibu. "Abiria wakishuka, wanashukia kwenu."

"Hiyo ni karatasi inasema, ama ni wewe unasema?"

Nilipaswa kumwambia ni karatasi. Ndio ungekuwa ukweli, kwa sababu vibanda havikuwa vyangu na funguo hazingekuwa mkononi mwangu. Lakini wote walikuwa wakinitazama, na nilitaka sana wakubali, na nilikuwa nimeshaanza kuamini mdomo wangu mwenyewe.

"Ni mimi nasema, Mama Hadija."

Akaketi. "Basi kama ni wewe, sisi tumekubali."

Na wote wakakubali, hivyo tu. Nilirudi ofisini nikipepea kama bendera. Mkurugenzi akanipigia makofi mbele ya wahandisi.

Sasa nikueleze la pili, kwa sababu kesho utaingia vyumba ambamo maneno kama haya huandikwa, na huandikwa haraka, watu wakiwa na njaa. Tulikuwa tunakamilisha masharti ya leni. Mhandisi mmoja kijana akauliza, "Watu watatu au zaidi, sawa. Dereva akiwemo, au dereva kando?" Mkurugenzi alikuwa kwenye simu. Akanionyesha kwa kidole, kama kusema muulizeni huyo, ndiye anayejua watu.

Mimi nikamfikiria baba yako. Nikamfikiria jirani yetu mwenye duka la dawa, ambaye angeweza kumbeba baba yako na mwalimu mwenzake hadi mjini. Dereva asipohesabiwa, wangehitaji mtu wa nne, na kale kagari kake ukimweka wa nne kanalia. Nikasema, "Dereva akiwemo." Kijana akaandika.

Haikunijia akilini kwamba kuna watu wanaoendeshwa. Kichwa cha mtu aliyekulia kwa kutembea kwa miguu hakifikirii dereva wa mshahara.

Rangi ikapakwa. Na leni ikafanya kazi. Usikubali mtu yeyote akuambie haikufanya, hata kama ana picha na majedwali. Wewe mwenyewe ulianza kunywa chai ukiwa umeketi kabla ya shule. Wauguzi wa zamu ya usiku walifika nyumbani watoto wao wakiwa hawajaondoka. Na baba yako akaanza kupanda gari la jirani, yule ambaye hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mbuzi aliyekula sukuma. Siku za kwanza walipanda wakiwa kimya kama watu wanaokwenda matangani. Baadaye nikawasikia asubuhi wakicheka kabla hata ya kufunga milango, na anayechekwa ni yule mbuzi. Mtu amchukue jirani yake kwa sababu ya mstari mweupe kwenye lami! Nilitembea mjini siku hizo nikiiangalia ile rangi kama mama anayeangalia mtoto wake akipokea zawadi shuleni.

Halafu wakubwa wakaigundua.

Gari la kwanza lilikuwa jeusi, refu, la mtu ambaye sikumjua na bado simjui. Polisi wa trafiki akalisimamisha, akainama dirishani. Mimi nilikuwa pale kituoni na kitambulisho changu cha mradi shingoni, nikasikia. Dereva akasema, "Afande, hesabu. Mimi mmoja. Huyu mlinzi, wawili. Mheshimiwa nyuma, watatu. Sheria si hiyo?" Wote wanne wakacheka, hata afande. Gari likapita.

Kufikia mwezi uliofuata leni ilikuwa yao. Mwenye dereva alipita na dereva, mwenye mlinzi na mlinzi, na wenye vioo vyeusi hawakusimamishwa tena, kwa kuwa nani angewahesabu? Wadogo nao wakaiga. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka alikamatwa amevisha gunia la mahindi koti na kofia, akalifunga mkanda. Mji mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Yule wa gunia alitozwa faini, na wale wa mlinzi wakapigiwa saluti. Madereva wa mabasi wakaona hakuna maana, wakarudi kusukumana na wengine, na basi la wauguzi likaanza tena kusubiri nyuma ya mtu mmoja. Tofauti ni kwamba mtu huyo sasa alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Vibanda navyo vikaja. Vya mabati, vizuri, vimepakwa rangi ya bluu. Asubuhi ya kwanza vilikuwa na kufuli. Asubuhi ya pili vilikuwa na watu ndani, wanauza simu na miwani ya jua, na hakuna hata mmoja wao niliyewahi kumwona kwenye mkutano wetu. Wanawake walikuwa wamesimama nje na mizigo yao. Mama Hadija alikuwa ameegemea toroli. Akaniangalia tu, nami nikampita haraka nikielekea ofisini, kwa hasira, nikiwa nimejiandaa kupasua meza.

Mkurugenzi alinikaribisha vizuri. Akaagiza chai. Ilikuwa chai nzito ya maziwa, na maandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Mama," akaniambia, "hawa wanawake nawahurumia. Lakini mradi ni wa barabara, si wa miwa."

"Tuliwaahidi."

"Nani aliwaahidi? Mimi sikuwa hapo." Akanisukumia sukari. "Mkataba wako unaisha lini? Kuna awamu ya pili inakuja. Nataka niwe na wewe."

Mwanangu, nilikunywa ile chai. Nilikunywa mpaka chini. Nilijua kabisa ninachofanya: wewe ulikuwa unakaribia kwenda sekondari, mshahara wa baba yako unaujua, nikajiambia nitapigana nikiwa ndani, polepole, kwa hekima. Nikamshukuru hata kwa maandazi. Wakati wa kutoka alinifungulia mlango.

Kwa hiyo unaposema utabadilisha mambo kutoka ndani, mimi sicheki kwa kuwa naona hujui. Nakasirika kwa kuwa najua. Nilikuwa ndani. Ndani kuna chai nzuri.

Niliishi hivyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kila asubuhi nilipita mbele ya wanawake wale, ambao sasa walikuwa wakiuza upande wa pili, kwenye ukingo wa mtaro, na matope yakiwarukia. Wengine waliacha kunisalimia. Mama Hadija hakuacha. Nilimtolea salamu na yeye akaniitikia, hata siku ambazo sauti yangu haikutoka vizuri. Mpaka siku moja nilipomwambia "Assalamu alaikum" naye akaendelea kumenya muwa, kisu kikishuka, ganda likianguka, nami nimesimama. Alipomaliza akasema, bila kuinua macho, "Mama Mmbone, ulisema ni wewe unasema."

Usiku ule sikulala, na asubuhi yake ndiyo ile unayoijua.

Mvua ilikuwa imeanza mapema. Nilishuka kituoni nikaona basi la shule yenu na basi la hospitali yamekwama ndani ya leni yao wenyewe, nyuma ya magari ya watu binafsi. Sikujua kwamba uko kwenye lile la mbele. Nakuapia sikujua. Nikaliona gari la Mkurugenzi likija kwa kasi kwenye nafasi iliyokuwa imebaki, na taa zimewashwa mchana. Na miguu yangu ikaenda. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilipoamua, sipati. Nilijikuta nimesimama katikati ya leni na mwavuli mkononi, na bampa ya gari imegusa sketi yangu.

"Shukeni!" nikapiga kelele. "Shukeni tuwahesabu!"

Dereva akapiga honi. Nikapiga boneti kwa mwavuli. Kioo cha nyuma kikashuka kidogo, nikaona macho na kipara.

"Mama, toka barabarani. Unajiaibisha."

"Mko wangapi humo?"

"Tuko watatu. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema dereva akiwemo."

Hilo ndilo lililonimaliza. Kwamba anajua. Kwamba alikuwa kwenye simu siku ile na bado alisikia.

"Muulize dereva wako anaenda wapi!" nikamwambia. "Ana safari yake mjini? Muulize mlinzi, ana shughuli gani mjini? Ungebaki nyumbani leo, wao wangekuja? Hawa wana safari moja tu, ni yako! Humo kuna mtu mmoja!"

Baadaye nilikuja kuona kwamba hiyo ndiyo hoja niliyopaswa kuitoa ofisini, nikiwa nimeketi, siku kijana alipouliza. Hesabuni safari, msihesabu vichwa. Ilinijia nikiwa nimelowa, nikipayuka, mbele ya watu waliokuwa wameshatoa simu zao kunipiga picha. Mtu akisema jambo la kweli huku mwavuli umepinduka, watu huona mwavuli.

Walicheka, Mmbone. Wale niliowasimamia walicheka pia. Askari wakanishika mikono, wakanitoa taratibu kama mgonjwa, gari likapita, na kufikia mchana mimi nilikuwa kwenye simu za mji mzima. "Mama Leni." Jioni ulirudi nyumbani ukaingia chumbani bila kula. Baba yako ndiye aliyeniambia kwamba shuleni wameshaanza kukuita Leni. Nami nilikuwa nimejaa mambo yangu, nimefukuzwa kazi, nina hasira na dunia nzima, nikamwambia, "Atazoea." Ndivyo nilivyosema. Naandika ili ujue kwamba nakumbuka.

Lakini hilo halikuwa la mwisho. Mkurugenzi aliamini kwamba wanawake ndio walionituma. Kesho yake wakaja vijana wenye fulana za kung'aa, ambao hakuna aliyejua wametumwa na nani, wakafagia ukingo mzima wa mtaro. Mboga zikaingia majini. Toroli la Mama Hadija likapakiwa kwenye pikapu na miwa yake juu, na kisu chake. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nyumbani nimejifunika shuka, nikijihurumia.

Nilipopata habari nilikwenda kwake. Nilidhani tutalia pamoja. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno, "mimi na wewe, dada yangu, tumeonewa". Alinifungulia mlango, akanipa kiti, akaniletea maji kwa kuwa yeye ni mtu mwenye adabu, kisha akanikasirikia kama sijawahi kukasirikiwa na mtu tangu mama yangu afe.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Hakuna. Niliona siwezi kuvumilia tena."

"Wewe ndio hukuweza kuvumilia. Sisi tulikuwa tunavumilia na tunapanga. Ulijua tunapanga? Uliuliza? Ungetuambia, tungekuja wote. Mwanamke mmoja akisimama barabarani ni wazimu. Soko zima likisimama ni mkutano. Wewe ulienda kutoa hasira yako, ukarudi nyumbani. Wamekuja kuitafuta kwetu."

Nilirudi kwa miguu mpaka hapa Lurambi. Sikuwahi kumwambia mtu maneno yale, hata baba yako.

Na sasa nikujibu swali lako, nini kilibadilika. Nilichofanya mimi hakikubadilisha kitu, hapo una haki, na ilinichoma kwa sababu una haki. Lakini wao walibadilisha. Baada ya kupoteza kila kitu walianza kwenda pamoja kwenye kila mkutano wa barabara uliotangazwa, wote, wengine na watoto migongoni, wanajaza viti vya mbele kabla wakubwa hawajafika. Hawakupiga kelele. Kila ajenda ilipofikiwa, Mama Hadija alisimama akasema, "Na sisi je?" Walichosha watu. Mwishowe wakapewa kile kiwanja kilicho kando ya kituo, ambacho mpaka leo hakina paa, lakini kina mlango wao na hakuna anayewafukuza. Unapita pale kila wiki. Ulidhani palikuwapo tangu zamani.

Leni yenyewe imekufa. Rangi imefutika, imebaki alama hafifu karibu na kituo ambayo mgeni atadhani ni uchafu. Mkurugenzi alipata awamu yake ya pili, kisha akapanda vyeo, na juzi nilimsikia redioni akieleza taifa jinsi miji midogo ilivyomfundisha kuwasikiliza wananchi. Nilikuwa pale dukani ninapofanya kazi siku hizi, natoa fotokopi ya mwanafunzi fulani. Niliharibu karatasi nyingi nikarudia bila malipo.

Baba yako huniambia hasira hasara. Nampenda baba yako, lakini amekaa na msemo huo miaka yote kama mtu aliyekaa kivulini na kusema jua ni baya. Mimi sijutii kukasirika. Jambo lile lilistahili hasira, na bado linastahili, na ukifika ofisini kwako usipokasirika hata siku moja nitaogopa. Ninachojutia ni kwamba nilipokuwa na kiti mezani niliimeza pamoja na chai, na nilipoitapika niliitapika peke yangu, bila kuwauliza wale ambao ingewarukia. Mama Hadija naye ana hasira. Ameniambia juzijuzi kwamba bado anayo. Ila yeye ameigawa kwa watu wengi, kila mmoja akabeba kidogo, na haijawaangusha.

Kuhusu yule mtu, sitakuambia usimpe mkono. Mpe, ni mkubwa wako, na mimi sikukufundisha utovu wa adabu. Atakapojua wewe ni binti wa nani, huenda akacheka na kukuambia, "Kumbe wewe ni wa Mama Leni!" Unaweza kucheka naye, unaweza kukataa. Nimewaza sana ningetaka ufanye lipi, na nimeona si langu kuchagua. Jina lile ulilibeba wewe shuleni, miaka yote ile, si mimi. Mimi watu waliniita nikiwa mtu mzima mwenye mlango wa kufunga. Wewe waliliandika kwenye dawati lako.

Na hili ndilo nililotaka kulifikia tangu nianze, nikawa nalizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi.

Jana uliposema kilichobadilika ni jina lako, mimi nilisikia tusi. Niliinuka kwa sababu nilidhani unanishtaki. Leo, nikiandika, nimejikuta nimefika mahali pa basi lile, na mkono ukasimama. Nimekueleza asubuhi ile yote, honi, mwavuli, kioo, kipara, kila kitu jinsi kilivyokuwa mbele ya macho yangu. Na sijui ulikaa kiti gani. Sijui nani alikuwa kando yako. Sijui kama ulinitambua kabla wengine hawajacheka au baada, kama ulitaka kushuka ukazuiwa, kama uliinamisha kichwa, kama ulimwambia mtu "yule ni mama yangu" au ulinyamaza. Ulikuwa mtoto, ukamwona mama yako akishikwa na askari kwenye mvua, na katika miaka hii yote sijawahi kukuuliza hata mara moja.

Mvua imeanza kupungua. Utakuja umelowa na utakuta barua hii kwenye kitanda chako, na mimi nikiwa jikoni. Isome. Ukitaka kukasirika, kasirika. Halafu njoo uketi, uniambie ulichokiona kupitia dirisha lile, chote, hata kile utakachodhani kitaniumiza. Baba yako nimemwomba asituingilie.

Safari hii sitainuka.

Mama yako